Tupa na Kamera

Steven Spielberg alipoipiga filamu yake The Sugarland Express, iliyotoka mwaka 1974, alipewa kamera ya Panaflex ingali mpya. Ama kijana wetu wa hapa Sugar Land, kwa kuwa hazina ya Hollywood haimjui, aliitwaa Bolex kuukuu, akakipanua kwa tupa kidirisha chake cha ndani, kwa hikima ya Mswidi Rune Ericson, hata picha ikaenea palipokuwa na safu ya pili ya matundu, kisha akatutangazia arusini kwamba hiyo sasa ni Super 16. Tulimpa heko. Lakini futi 100 za ukanda, ambazo hazitimizi dakika tatu, nayo kamera yataka kutiwa ufunguo kama saa ya ukutani kila nusu dakika, zilikwisha, wallahi, shangazi angali anaulizia habari za Lamu. Bwana arusi hayumo.