Muulize Somo: Vuli Imeingia, Baba Yuko Juu ya Bati

Zamani somo aliulizwa mambo ya chumbani, kwa kunong'ona, khanga imefunika mdomo. Siku hizi naulizwa mambo ya gata. Sikatai. Ndoa ngapi zimepona chumbani zikaja kufia chini ya paa linalovuja? Lakini kusi ikishakatika, mawingu ya Oktoba yakianza kujikusanya, barua zangu zinabadilika harufu. Haziji na marashi. Zinakuja na rangi ya mafuta, vumbi la mbao na alama za vidole vya mtu wa miaka minne. Nimechagua chache. Nyingi ya zilizobaki zinatoka kwa wanawake wanaotaka nimwambie mume ashuke juu ya bati, na hao wote nawajibu kwa pamoja: ngazi fungieni stoo kabla hajapanda. Akishapanda mmechelewa.

*

*Shikamoo Somo. Niliposikia Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza vuli, nikasema mwaka huu sinunui tena maji ya boza. Nikanunua tangi la lita 2000, nikafunga gata mwenyewe Jumamosi, nimejifunza kwa video. Mvua ya kwanza imenyesha. Tangini hamna hata ndoo mbili, na sebuleni pamelowa mahali ambapo hapajawahi kuvuja. Mke wangu hasemi kitu, anacheka tu. Watoto wamepanga sufuria katikati ya sebule wanasema ni bahari. Shida iko wapi? — Fundi wa Jumamosi, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hesabu, maana umenunua tangi kabla ya kuipiga. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa lako tuseme ni mita za mraba 100. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa vuli ya Dar es Salaam haimshangazi mtu, ni lita 2000. Hata ukitoa yanayoruka pembeni na yanayokauka kwenye bati la moto, tangi lingekaribia kujaa. Kwa hiyo maji yalikuja. Yamepita kwingine, na umenitajia mwenyewe: yamepita sebuleni.

Misumari uliipiga wapi? Msumari wa bati la migongo hupigwa pale bati lilipoinuka, na chini ya kofia yake hukaa raba. Bondeni hapapigwi, kwa sababu bondeni ndiyo njia ya maji. Video yako bila shaka ilisema hivyo, ila ilisema wakati mwanao ameshika simu anatafuta katuni. Na hilo gata, nina wasiwasi umelilaza limenyooka kabisa, lipendeze kutoka barabarani. Gata haliwekwi kwa ajili ya wapita njia. Linainamishwa kidogo kuelekea kwenye bomba, la sivyo maji yanasimama humo, yanajaa, yanamwagikia ukuta.

Mwite fundi bati. Usimwambie nani alifanya kazi ya kwanza. Akiweka ngazi tu atajua. Bomba la kuingia tangini liwe la kuchomoka, ili mvua za mwanzo zimwagike nje kwanza. Hilo paa tangu Juni linapokea vumbi, majani ya mwembe na haja za kunguru, na kunguru Dar es Salaam tunao wa kutosha kugawia mikoa.

Watoto usiwaondolee bahari yao. Wape kopo lililonyooka kutoka chini hadi juu, walitege uani mbali na paa, na kila asubuhi walipime kina cha maji kwa rula ya shule. Siku mtoto atakapokuambia "Baba, jana milimita 17," utakuwa na mtu mmoja nyumbani anayejua tangi litajaa lini.

*

*Somo, mimi sivuti wala sinywi. Starehe yangu ni bao, jioni, barazani. Juzi baada ya mvua nafungua mfuko wa kete nakuta 41. Binti yangu ana miaka mitano. Nimemuuliza kwa upole akanijibu: "Nimezipanda, si mvua imenyesha?" Wapi, hataki kusema. Nimchape? — Mchezaji, Ng'ambo, Zanzibar*

Ukimchapa hutaziona. Bao lina mashimo 32 na kete 64, kwa hiyo huyo binti ana siri ya mashimo mengine 23 ya kwake mwenyewe, na fimbo haijawahi kufukua kitu.

Halafu tumpe haki yake. Kete zako ni komwe, na komwe ni mbegu. Mtoto ameambiwa kwamba mvua ikinyesha mbegu hupandwa. Amezikuta zimefungiwa mfukoni, mvua inanyesha, na mwenye nyumba yuko barazani anapiga soga. Amefanya ambalo bwana shamba yeyote angelifanya.

Habari njema ni kwamba ganda la komwe ni gumu mno. Halipitishi maji mpaka likwaruzwe, na ndiyo maana bahari inaweza kuzibeba mbegu hizo ikaja kuzitupa ufukweni mbali kabisa zikiwa nzima. Basi una muda. Habari mbaya ni kwamba zikiota, mkomwe ni mti wa kutambaa wenye miiba iliyopinda, na hata maganda ya matunda yake yana miiba. Ikishaota ishirini na kitu uani, bao utalisikia ukiwa ndani.

Kwa hiyo usimwite kwenda kutafuta kete. Mwite mkavune. Mpe kikapu, wewe beba koleo, na umruhusu awe msimamizi: yeye aoneshe kwa kidole, wewe uchimbe. Akisema pale, chimba pale, hata kama unajua pale pana karo. Jioni mweke upande wa pili wa ubao. Mtoto anayeweza kufukia mbegu moja moja kwa mstari bila kuonwa na mtu, kusambaza kete hakumshindi. Anza naye na bao la kujifunza. Lile la Kiswahili, na namua yake na mtaji wake, lingoje miaka michache. Na akikula mbele ya wenzako, liwa kimya kimya.

*

*Somo, tangu mvua ianze nikiwasha taa tu kumbikumbi wanajaa ndani. Pacha wangu wanawakimbiza, na nadhani mmoja anawala. Kuna ubaya? — Mama Pacha, Morogoro*

Zima taa ya ndani, washa ya nje, tega beseni la maji chini yake. Asubuhi utafagia mabawa ya kibarazani tu. Kuhusu kuwala, wako watu wengi wanaowasubiri kwa hamu, wanawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, na huo ni mlo. Mwanao tu amekosa subira ya kikaango. Ila ikiwa umepuliza dawa ya wadudu nyumbani, asionje hata mmoja. Na kabla ya yote tazama wanatoka wapi. Wakitoka gizani nje, sherehe. Wakitoka kwenye fremu ya mlango, hao ni mchwa wako mwenyewe wameota mabawa, na barua hii ulipaswa kumwandikia seremala.

*

*Shikamoo Somo. Niko Minneapolis, jimbo la Minnesota, na mume na watoto wawili, mmoja miaka saba, mwingine mitatu. Huku Oktoba miti inapukutisha majani yote. Mume kanunua reki. Kila Jumamosi anakusanya lundo, watoto wanalirukia, anakusanya tena, anasema ndiyo hobi yake mpya. Mkubwa kaja na boga kutoka shule, wamelichonga macho na meno, wakatia mshumaa ndani, likakaa mlangoni mpaka kindi wakalila pua. Boga zima, Somo! Halafu Jumapili ya kwanza ya Novemba wenyeji wakarudisha saa nyuma, na tangu hapo mdogo ananiamsha saa kumi alfajiri anataka uji. — Mama wa Baridi*

Marahaba, na pole. Hilo boga nami limeniuma. Boga ambalo lingepikwa kwa tui zito, iliki na sukari kidogo, likafuturisha ukoo, wamelitoboa macho wakaliweka nje litishe majirani.

Lakini usigombane na shule. Mwakani nunua mawili. La kuchonga liwe lile kubwa la bei ndogo, ambalo kwa kweli lina maji mengi na nyuzinyuzi, hata ukilipika halina utamu wa maana. La kula chagua dogo, zito, lenye ngozi ngumu isiyo na jeraha na kikonyo chake hakijang'oka. Liweke mahali pakavu penye baridi kidogo, litakaa miezi miwili hata mitatu likikusubiri. Lililokwisha kuchongwa na kulala nje usilipike, hata kama mama mkwe amekuja na anakutazama. Ila mbegu usiwaachie kindi. Siku ileile ya kuchonga zioshe, zikaushe, zikaange na chumvi, wape watoto. Likishalegea, zika masalio katika mboji pamoja na majani ya mumeo: majani makavu peke yake yanachelewa kuoza, boga bichi peke yake linanuka, yakichanganywa yanafanya kazi vizuri, na masika ya huko yakifika utakuwa na udongo wa kupandia mchicha.

Kuhusu mumeo, mwache na reki yake. Huku kwetu wanawake wanafagia majani ya mwembe kila alfajiri, mwaka mzima, mgongo umekunjwa, na sijasikia mtu akiiita hobi. Yeye kapata kifaa chenye mpini mrefu na watazamaji wawili wanaoshangilia. Ningekuwa wewe ningemnunulia glavu nzuri nikamsifu mbele za watu, kisha nikamwonesha na sakafu ya jikoni.

Sasa saa. Usiku ule saa nane inageuzwa kuwa saa saba, na mtoto wa miaka mitatu hakuulizwa. Tumbo lake bado liko kwenye saa ya zamani. Siku nne kabla ya mabadiliko, msogeze dakika 15 kila siku: kula, kuoga, kulala, vyote vichelewe kidogo, mpaka saa nzima itimie. Kwa mwaka huu umeshachelewa, kwa hiyo mpikie uji. Taa usiwashe zote, mazungumzo yawe machache, asije akadhani kumekucha rasmi. Mapazia mazito nayo yatakusaidia Machi, Jumapili ya pili, watakaposogeza saa mbele na kukuvurugia tena. Na kumbuka kuwa sasa umeachana na Dar es Salaam kwa saa 9 badala ya 8. Ukimpigia mama yako jioni yako umeshamwamsha usiku wa manane, naye ataanza kwa kuuliza nani kafa.

*

*Somo, mume wangu kawatundikia watoto bembea ya tairi kwenye mwembe. Wanaipenda. Lakini tangu mvua zianze mbu hawatuachi, mchana kweupe. Yeye anasema wanatoka kwa jirani. — Mama Shufaa, Mbagala*

Kabla hujamsalimu jirani, chukua tochi uchungulie ndani ya tairi. Tairi lililoning'inizwa wima hubakiza maji tumboni, na humo utaona viluwiluwi wanacheza. Mbu mwenye madoa meupe miguuni, yule anayeuma mchana, ndiye mbu wa dengue, na tairi kuukuu ni mojawapo ya nyumba anazozipenda. Kwa joto letu, yai linaweza kuwa mbu ndani ya wiki moja na ushee. Dar es Salaam tuliugua 2014, tukaugua tena 2019. Atoboe matundu matatu manne upande wa chini kwa keekee, maji yatoke, basi.

Namna ya kumwambia: usitamke neno "mbu." Mwambie bembea ni nzuri sana, ila inaonekana imebaki hatua ya mwisho, ya keekee. Ataacha ugali mezani.

*

*Shikamoo Somo. Shangazi ndiye ananiandikia. Mimi nina miaka saba. Baba alisema tutatengeneza tiara. Nimeleta njiti za mnazi na uzi na gazeti. Baba akatengeneza peke yake, akasema nisubiri gundi ikauke. Imekauka. Sasa anarusha yeye. Mama anasema nisubiri. Nimesubiri sana. — Mwenye Tiara, Tanga*

Marahaba, mjukuu wangu. Njiti zako, uzi wako, gazeti lako: tiara ni yako, na baba yako ni fundi tu. Tatizo ni kuwa fundi amependa kazi yake.

Usilie wala usimnyang'anye. Mwache ahangaike na upepo wa siku hizi, ambao leo upo kesho haupo. Kaskazi ikishika Desemba, shule zitakuwa zimefungwa, wewe uko likizo na baba yuko kazini mpaka jioni.

Kwa sasa tafuta njiti nyingine utengeneze ya pili. Gundi usiiombe. Mwombe mama unga wa ngano kijiko kimoja, auchemshe na maji uwe uji mzito, upoe. Karatasi itashika vizuri sana. Mkia ukate kwenye khanga iliyochakaa, uwe mrefu. Tiara ikizungukazunguka angani, mkia ni mfupi, ongeza kitambaa. Ikikataa kupaa, mkia ni mzito, punguza. Siri hii ya mkia usimwambie baba, hata akikuuliza kwa nini ya kwake inaanguka kichwa chini kwenye minazi ya watu.

Na siku ya kwako ikiwa juu, atakuja, atasimama nyuma yako, ataomba ashike uzi kidogo tu. Mwambie asubiri gundi ikauke.