Fadhila za Kuhesabu Dakika
Katika mtaa wa Lucky Summer, ulio karibu na Baba Dogo na Korogocho jijini Nairobi, mwanafunzi makini wa kinanda hutambulikana kwa daftari lake, kwani humo huandika dakika alizofanya mazoezi, kasi ya metronomu (yaani kifaa kinachogonga mapigo ya kufuatwa na mpigaji) na msururu, ambao ni idadi ya siku mfululizo alizopongezwa na programu ya simu. Bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM, iliyoanzishwa London mwaka 1889, hutegemea mtahini mwenye masikio kabla ya kumpandisha mtu gredi. Programu imeondoa usumbufu huo. Umeme ukipotea, mwanafunzi huendelea kubonyeza vitufe visivyolia, na dakika hizo, kwa haki kabisa, huingia daftarini pamoja na zenzake, kwa busara ileile ya utingo anayehesabu safari huku matatu ikiwa bado stejini. Jumapili, kwaya inapokosa pa kuingilia wimbo, waumini, ambao kwa bahati mbaya hawajaonyeshwa grafu ya dakika hizo, humgeukia mpiga kinanda huyo kana kwamba ndiye aliyekosea.