Jinsi ya Kuanzisha Shirika la Anga kwa Fimbo Moja, Lubumbashi

Walimu wenzangu wa mitaa ya Kamalondo, Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, Katanga yetu imeshawahi kurusha roketi. Machi 1976, wakati huo tukiitwa Shaba, serikali ya Zaire ilitia saini mkataba na OTRAG, kampuni ya Ujerumani Magharibi, ikaipa eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi. Tarehe 17 Mei 1977 roketi ya kwanza ilipaa karibu na mto Luvua. Tarehe 5 Juni 1978, Mobutu akiwa anatazama, ya tatu ilipinda ikaanguka. Mwaka 1979, baada ya shinikizo kutoka nje, kampuni ilifungishwa virago.

Mwongozo huu ni wa shirika dogo zaidi. Uwanja wake ni lopango la shule, mtambo wake ni fimbo, wataalamu wake wana miaka 12, na hesabu zake zinabaki kwenye madaftari yao. Hatua zote zinafanyika, na faida yake ni kubwa kuliko gharama.

Hatua ya 1: Nunua mitambo na gawa vyeo

Tafuta fimbo iliyonyooka ya mita 1, uzi wenye jiwe wa kuhakikisha fimbo imesimama wima, chaki, rula na saa ya simu. Chagua sakafu ya saruji. Mwaga maji kidogo: yakitulia bila kukimbilia upande mmoja, hapo ndipo kituo chenu cha kurushia.

Kisha gawa vyeo: mwenye saa, mwenye chaki, mwenye rula, mwandishi. Vyeo vizunguke kila juma. Wasichana washike rula na saa kama wavulana, wasiachiwe kuandika tu yale ambayo wengine wamepima.

Prefe akiuliza kuhusu hatari, mjibu kwamba ipo moja na mmeshaitungia sheria: hakuna anayelitazama jua. Kazi yote inafanywa kwa kutazama chini.

Hatua ya 2: Tangaza siku ya kivuli kupotea

Lubumbashi iko takriban nyuzi 11.7 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri linasimama juu ya utosi wetu kabisa: karibu na 23 Oktoba na karibu na 18 Februari. Katikati ya tarehe hizo jua la adhuhuri hupita upande wa kusini, na kivuli huangukia kaskazini. Miezi mingine yote kivuli huangukia kusini. Mtoto aliyesoma katika kitabu kilichoandikwa Ulaya kwamba jua la adhuhuri liko kusini atakuta uwanja wa shule yake unasema vingine kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwache aushangae uwanja huo, kisha mwulize kwa nini.

Tarehe 23 Oktoba anzeni saa nne asubuhi. Kila dakika 10 mwenye chaki anatia alama kwenye ncha ya kivuli. Alama zitasogea kutoka magharibi zikilijongea shina la fimbo, kila moja karibu zaidi kuliko iliyotangulia. Ikikaribia saa sita kasoro dakika 6, kivuli kinajikunja hadi kwenye mguu wa fimbo, kinabaki kidoa cheusi kinachoizunguka, kisha kinaanza kutokeza upande wa mashariki. Mwezi Februari jambo hilohilo litatokea karibu saa sita na dakika 24. Tofauti hiyo ya nusu saa ni somo zima la mwendo wa dunia kulizunguka jua. Litunzeni kwa ajili ya darasa la juu.

Oktoba mvua huanza, na Februari imeshakolea. Kwa hiyo msitegemee siku moja. Pimeni juma zima, kabla na baada. Siku hizo kivuli cha adhuhuri hubadilika kwa milimita 6 hivi kwa siku, na rula ya shule inatosha kuliona badiliko hilo.

Hatua ya 3: Fungua tawi Goma

Hapa ndipo fimbo inapogeuka kuwa chombo cha kupimia sayari. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Eratosthenes wa Aleksandria alipiga hesabu ya mzingo wa dunia kwa kulinganisha vivuli vya miji miwili ya Misri, mmoja ukiwa mbali kusini ya mwenzake. Sisi tuna miji miwili iliyokaa vizuri ajabu. Goma iko karibu nyuzi 1.7 kusini ya Ikweta, Lubumbashi nyuzi 11.7. Tofauti ni nyuzi 10 kamili, au karibu sana na hapo.

Mwombe mwalimu mwenzako wa Goma asimamishe fimbo ya mita 1 tarehe 23 Oktoba na akutumie kwa WhatsApp urefu wa kivuli kifupi kuliko vyote vya siku hiyo. Wakati fimbo yenu haina kivuli, yake itakuwa na kivuli cha sentimita 17 na nusu hivi. Watoto wachore pembetatu hiyo kwa kipimo kidogo na waipime kwa kipimapembe: nyuzi 10. Duara lina nyuzi 360, kwa hiyo nyuzi hizo 10 zinaingia mara 36. Kisha wachukue ramani ya Kongo na wapime umbali wa kwenda kaskazini moja kwa moja, kutoka usawa wa Lubumbashi hadi usawa wa Goma: kilomita 1,110 hivi. Mara 36 ni 39,960. Mzingo wa dunia kupitia ncha zake mbili ni kilomita 40,008.

Kuna zawadi ya nyongeza. Kivuli cha Goma kitakuwa kifupi kabisa dakika 7 hivi kabla ya chenu, ingawa saa za miji yote miwili zinasoma sawa. Usiwape watoto jibu. Wape ramani tena, waone Goma imesogea mashariki kiasi gani.

Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa M23, na watoto wa huko na wa hapa wamezidi kutengana. Ndiyo sababu nausisitiza ushirika huu. Hesabu hii haikamiliki upande mmoja. Darasa la Lubumbashi likiwa peke yake lina fimbo isiyo na kivuli; darasa la Goma likiwa peke yake lina kivuli kisicho na cha kulinganishwa nacho. Mawasiliano na Goma yakishindikana, Kisangani inafaa: kivuli cha huko kitakuwa sentimita 21 na nusu hivi.

Hatua ya 4: Geuza delestaji kuwa kipindi

Umeme ukikatika usiku wa Juni au Julai, mbingu ya kiangazi inakuwa safi, na Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota, inapita karibu na utosi. Mwagize kila mtoto achore mwezi kila usiku anaouona, kwa siku 30, pamoja na saa aliyouona. Kazi hii ina ukoo wa heshima nchini mwetu: mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 kando ya Ziwa Edward, una mikato iliyopangwa kwa makundi na umri wa miaka 20,000 hivi. Wapo watafiti waliodhani ni hesabu ya mwezi, na wapo wanaopinga. Yeyote mwenye daftari la siku 30 anaweza kuingia katika ubishi huo akiwa na ushahidi wake mkononi.

Hatua ya 5: Sasa piga hodi kwa wakubwa

Milango iko wazi, na mingi haina ada. Wiki ya Anga Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1999, huwa tarehe 4 hadi 10 Oktoba: itumieni kuandaa fimbo. Mpango wa ARISS huwaunganisha wanafunzi kwa redio na wanaanga walio katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu yetu. Mazungumzo huchukua kama dakika 10, na shule huombwa ionyeshe mpango wa masomo. Mpango wa IASC hutuma picha za darubini ili wanafunzi watafute asteroidi. Unahitaji kompyuta na intaneti. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni bure, na kila nukta yake ni mita 10 ardhini. Humo hamtaona mfuko wa makala, lakini mtaona wazi jinsi miombo inayouzunguka mji wetu ilivyokatwa kwa ajili ya makala hayo.

Sababu ya kuanza na fimbo ni hii: wanaogawa nafasi huuliza mmeshafanya nini. Darasa lenye daftari la vivuli vya juma zima, lenye mshirika na lenye swali lake, linajaza fomu kwa ukweli.

Hatua ya 6: Jibu wanaocheka

Watacheka. Walimcheka Edward Makuka Nkoloso, mwalimu wa Zambia aliyewafundisha vijana wake safari ya angani mwaka 1964 kwa kuwabingirisha ndani ya pipa. Walimcheka Jean-Patrice Keka, Mkongo aliyeirusha roketi ya Troposphère 5 ikiwa na panya mwaka 2009. Kumcheka mtu anayejaribu hakumfundishi mtoto chochote.

Lakini mzazi akiuliza kama haya yataleta bukari mezani, anauliza swali la haki, na anastahili jibu la haki. Pembe mnazopima uwanjani ndizo anazopima mpimaji ardhi katika migodi ya Kolwezi. Picha za setilaiti mnazosoma ndizo anazosoma mtaalamu wa misitu. Kazi hizo zipo katika ukanda wetu huu, na watoto wetu wazifanye.

Kwa hiyo mwandikie mwalimu mmoja wa Goma leo. Tarehe 23 Oktoba ikikukuta na fimbo na mshirika, shirika lako limeanza kazi. Ikikukuta bila mshirika, pima hata hivyo, andika matokeo, na umpate kabla ya 18 Februari.