Glavu ya Vidole Viwili

Mtongwe haina uhaba wa wachoraji. Wapo wanaopamba matatu na tuktuk, wapo wanaoandika mabango ya vinyozi, na wapo kina dada wa hina na piko ambao msimu wa harusi hushinda wameinamia mikono ya watu. Mmoja wa hao dada alichoka na sampuli za daftari. Alitaka kuzichora kidijitali na kuzituma kwa WhatsApp, ili bibi harusi achague mapema badala ya kusema “nifanyie lolote zuri” kisha alilie hilo hilo lolote.

Basi akapanda matatu hadi Likoni, akavuka feri, akaingia duka moja mjini na kuomba tableti ya kuchorea. Muuzaji akamtolea bapa jeusi lenye kalamu ya plastiki. Bei ilikuwa ya kufurahisha, na hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Kumbe ni ile skrini ya watoto: ukikandamiza, mstari wang'aa kijani, ukibonyeza kitufe, vyote vyapotea. Haihifadhi kitu wala haina habari na kompyuta. Ndani mna betri ndogo yenye kazi moja tu duniani, kufuta. Alichora tausi mwenye mkia wa kuenea kiganja kizima, akaenda kuepua chai. Mpwa wake akabonyeza kitufe.

Awamu ya pili washauri walikuwa wengi. Binamu aliye Doha akasisitiza anunue kibao chenye skrini yake, “usijidhalilishe.” Ushauri wa mtu asiyelipa. Kibao chenye skrini hugharimu mara kadhaa ya kisicho nayo, na vingi vyao bado huhitaji kompyuta pembeni, na mara nyingi waya wa ziada wa umeme. Kisicho na skrini hutumia waya mmoja wa USB, na stima zikipotea katikati ya ua, betri ya laptopu hukibeba. Kwa anayeanza, hakuna la kufikiria sana.

Ukubwa nao ulizua mjadala. Anayechora kwa mkono mzima, kuanzia begani, atasongeka kwenye kibao cha inchi 6 kwa 4 na atataka cha 10 kwa 6. Mchora hina huchora kwa kifundo cha mkono. Kidogo kinamtosha, na meza yenyewe ilikuwa na cherehani.

Boksi lilipofunguliwa, familia ilikusanyika. Dada akagusa kibao kwa kalamu. Kimya. Akagusa tena, wote wakakodolea bapa jeusi, hadi mpwa akasema, “Anti, kuna mdudu kwenye laptopu.” Huyo mdudu ndiye aliyekuwa mstari wake. Mkono huchora mezani, macho hubaki kwenye skrini, na shingo ya mchora hina haikuzoea kuinuliwa kazini.

Mama mtu akachukua kalamu. “Hii yachajiwa wapi?” Haichajiwi. Hupata nguvu kutoka kwa uga wa sumaku wa kibao chenyewe, mbinu iliyoenezwa na Wacom ya Japani, kampuni iliyoanzishwa 1983. Leo hata vibao vya bei nafuu vya Huion na XP-Pen huitumia. Mama aliridhika. Kilichomuudhi ni glavu iliyokuwa ndani ya boksi.

“Mwanangu, hii wamekupa mbovu. Ina vidole viwili.”

Ndivyo ilivyoshonwa: hufunika kidole cha mwisho na jirani yake, ili mkono uteleze bila kunatanata. Kwa joto la Mombasa mwezi wa Februari si urembo. Mama bado alitaka irudishwe dukani.

Kisha duara likatoka yai. Boksi lilijisifu kwa viwango 8,192 vya mgandamizo, lakini duara lilikuwa yai, na dada akaulaumu mkono uliokwisha pamba maharusi chungu nzima. Mkono haukuwa na hatia. Kibao si kipanya. Kila nukta yake ina mahali pake kwenye skrini, na uwiano wa viwili hivyo usipolingana, picha huvutwa upande. Kwenye draiva mna mahali pa kuulazimisha ulingane. Alipopapata, mayai yakaisha.

Alijaribu pia kukichomeka kwenye simu. Kilikubali, ila simu ikisimama wima hutumika ukanda mwembamba tu wa kibao, kwa hiyo akarudi kwenye laptopu na Krita, programu isiyolipiwa. Huko ndiko alikozoea raha ya kutengua: Ctrl na Z, kosa limekwenda.

Wiki chache baadaye, ukumbini, koni ya piko ikamteleza juu ya mkono wa bibi harusi. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta vitufe, ukaangukia goti la biharusi na kuligonga mara mbili, tatu.

“We, wampapasia nini?” akauliza shangazi mtu.

“Natengua,” akajibu, kisha akaongeza jani mahali ambapo halikupangwa.