Mhadhara Mkuu wa Istilahi za Mahakama ya Ndoa, kwa Manufaa ya Wasio na Wakili

Miongoni mwa elimu zote alizojaliwa mwanadamu, hakuna iliyo tukufu kama elimu ya maneno yatamkwayo katika mashauri ya ndoa, na miongoni mwa wajuzi wa elimu hiyo nchini Tanzania hakuna amfikiaye mtoa mhadhara huu, ambaye shahada zake zote alijitunukia mwenyewe baada ya kukalia kwa miaka mingi benchi lililo nje ya mahakama ya mwanzo, chini ya dirisha, akisikiliza kesi zisizomhusu. Mawakili humpita bila salamu, jambo ambalo wanazuoni wakubwa wamelizoea.

Istilahi ya kwanza ni baraza la usuluhishi la ndoa, yaani chombo cha kupatanisha ambacho, kwa mujibu wa kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwenye kutaka talaka hulazimika kupitia kabla ya kugonga mlango wa mahakama, isipokuwa katika hali chache, mathalani pale mwenza alipotoroka na hajulikani aliko. Cheti kinachotolewa na baraza hilo hakisemi nani mkosaji, bali huthibitisha kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Na kwa kuwa ni nadra taasisi yoyote kukiri kushindwa kwa maandishi na kugonga muhuri juu yake, karatasi hiyo itunzwe kama hati ya kiwanja, maana bila hiyo shauri huhesabiwa kuwa limeletwa kabla ya wakati wake, hata kama mleta shauri amelia mpaka sauti ikamkauka.

Aliyepeleka shauri huitwa mdai na aliyeitwa kujibu huitwa mdaiwa, hivyo mume anayesimama kizimbani na kuapa kwamba hadaiwi na mtu yeyote, hata dukani kwa Mangi, amejibu vizuri sana swali ambalo hakuulizwa. Samansi nayo ni hati ya wito. Anayeikimbia haikimbii kesi, bali anajitafutia hukumu ya upande mmoja, ambayo ni hukumu itolewayo baada ya kumsikiliza yule tu aliyefika.

Hata hivyo, istilahi iliyowatoa watu jasho kuliko zote ni kutajwa. Shauri linapokuja kwa kutajwa, hakimu hasikilizi ushahidi wowote, bali huangalia kama pande zote zipo na nyaraka zimekamilika, kisha hupanga tarehe nyingine. Mdai asiyelijua hilo hufika alfajiri akiwa na shangazi, mjomba, mshenga na mama mwenye nyumba, wote wamevaa nguo za sikukuu na wote nauli amewalipia yeye. Karani anaita majina, tarehe inatajwa, na mambo yamekwisha kabla mjomba hajapata pa kukaa. Siku ya mjomba ni ile ya kusikilizwa, ambapo atageuka kuwa SM 2, yaani shahidi wa pili wa upande wa mdai, katika mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa, na ataulizwa maswali ya dodoso, ambayo ni maswali ya upande wa pili ya kupima kama anayoyasema aliyaona au aliyasikia kibarazani.

Talaka hutolewa pale tu mahakama inaporidhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na miongoni mwa ushahidi unaoweza kuonyesha hivyo ni ugoni, ukatili, na kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka isiyopungua 3. Kulala kwa dada usiku mmoja kwa sababu ya ugomvi wa rimoti hakumo.

Ndipo linapokuja neno mchango, ambalo wanaume wengi wa benchini hulitafsiri kuwa ni risiti za saruji. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali zilizochumwa kwa nguvu za pamoja. Kinachofichwa na wahadhiri wa daraja la chini ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kuzitapanya fedha alizopewa na mumewe. Kwa hiyo anayelitaja jina lake mbele ya hakimu ajiandae pia kueleza fedha alizopewa yeye zilikwenda wapi.

Kuhusu watoto, sheria huanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka 7 hukaa na mama, lakini dhana hiyo hupingika kwa ushahidi, na matunzo, yaani gharama za kumlea, ni amri nyingine inayojitegemea.

Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa ndani ya siku 45, ambazo huhesabiwa tangu siku ya uamuzi, wala si tangu siku hasira zilipopoa.