Dunia Huanzia Malaba: Barua ya Wazi kwa Wakuza Mitaala

Kwa Waheshimiwa,
Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD), Nairobi.
Nakala: Baraza la Mitihani la Kitaifa.

Waheshimiwa,

Kwanza, pongezi. Wazungu waliokutana Berlin kati ya Novemba 1884 na Februari 1885 walihitaji wajumbe wa mataifa 14 na zaidi ya miezi mitatu ya vikao ili wakubaliane jinsi ya kugawana Afrika. Nyinyi mmeigawa dunia nzima kwa karatasi mbili za mtihani wa KCSE. Karatasi ya Kwanza ya Historia na Serikali ni Kenya. Karatasi ya Pili ni Afrika kwingineko na ulimwengu. Kwa mwanafunzi wa Bungoma, maana yake ni kwamba historia ya dunia huanza baada ya kugongewa muhuri mpakani Malaba. Ndiyo maana likizo ya Agosti ikikaribia, wanafunzi wa Kidato cha Tatu wa Kitale na Bungoma wanaojiandaa kwa Vita vya Dunia na Umoja wa Mataifa hununua vitabu vya marudio, wakajifungia ndani na kukariri: eleza sababu sita, alama 12, sababu moja alama mbili. Nje kuna jua na kuna historia, na vyote viwili vinaweza kumharibia mtoto hesabu ya alama.

Hatari ya kwanza ni kilima cha Chetambe, kinachotazama mji wa Webuye bila kibali chenu. Mwaka wa 1895, ofisa Mwingereza C. W. Hobley aliongoza kikosi kilichoivunja ngome ya Wabukusu huko. Hilo mmeliweka Karatasi ya Kwanza, chini ya upinzani wa Wakenya, na hapo limetulia. Shida itaanza mtoto akiuliza wale askari wa Kisudani waliokuwa na Hobley walitoka wapi. Atajibiwa kwamba wengi wa askari wa Kisudani waliotumiwa na Waingereza katika himaya ya Uganda siku hizo walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer na kuitawala Equatoria kwa niaba ya Misri. Vita vya Mahdi huko Sudan viliwakatia njia, Khartoum ikaanguka 1885, wakabaki karibu na Ziwa Albert hadi Mwingereza Frederick Lugard alipowachukua 1891. Akiendelea kuchimba atagundua kwamba hata huo Ukenya wa Chetambe ni wa baadaye: eneo hili lilihesabiwa upande wa Uganda hadi mpaka uliposogezwa 1902. Kwa hiyo kilima kimoja cha Webuye kinabeba Berlin, Cairo, Khartoum na Kampala, na chote kimo katika karatasi isiyohusu dunia. Tafadhali kizungushieni ua.

Malakisi ni mbaya zaidi. Februari 1948 polisi wa kikoloni waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Musambwa ya Elijah Masinde, wakaua 11. Mwezi huohuo, tarehe 28, polisi wa kikoloni wa Ufalme uleule wa Uingereza waliwafyatulia risasi waliokuwa askari wa Vita vya Pili vya Dunia walipokuwa wakiandamana Accra, wakaua watatu. Mauaji ya Accra humfikia mwanafunzi wetu chini ya harakati za uhuru wa Ghana, Karatasi ya Pili, na anajua yalivyomwinua Nkrumah. Yale ya Malakisi, aking'ang'ana sana, atayaokota pembeni mwa Karatasi ya Kwanza. Desemba ya mwaka huo Umoja wa Mataifa ukapitisha Azimio la Haki za Binadamu. Mtoto akiyaweka matatu haya kwenye ukurasa mmoja, ataanza kufikiri kuhusu ufalme uliokuwa ukitikisika pande zote mbili za bara kwa wakati mmoja. Namshukuru aliyehakikisha kuwa kuna ukurasa wa kuyatenganisha.

Kitale nako si salama. Nyanda za Uasin Gishu, jirani yake tu, ndizo Uingereza ilizotaka kuwapa Wayahudi. Herzl, kiongozi wa Wazayuni, alilipeleka pendekezo hilo mbele ya kongamano lao la Basel mwaka wa 1903, tume ikaja kukagua 1905, na kongamano la mwaka huo likakataa. Baada ya Vita vya Kwanza, mpango wa mwaka wa 1919 wa kuwagawia ardhi wanajeshi Waingereza ulileta walowezi Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale 1926. Mwaka huohuo Luteni Kanali Hugh Stoneham, mkusanyaji wa vipepeo, ndege na vitabu, alianzisha makumbusho ambayo leo ni ya taifa na yako mjini Kitale. (Vita vya Kwanza hufundishwa kwa kutaja Sarajevo. Waliopewa ardhi ya Trans Nzoia kwa sababu ya vita hivyo hawana Sarajevo yao.)

Najua mtakavyonijibu. Mtasema mtihani wa kitaifa hauwezi kutahini kilima cha Webuye, kwa kuwa mtoto wa Garissa hajakiona. Ni kweli, lakini mtoto wa Garissa hajaiona Berlin pia, na mmemtahini kuihusu miaka yote hii. Mtasema historia ya nyumbani huzaa ukabila. Basi wapelekeni Chetambe wakahesabu: Wabukusu ndani ya ngome, nje Waingereza, Wasudani, Waganda na Wawanga. Ukabila hunawiri pale kila jamii inapopewa sura yake ya upinzani au ushirikiano, kama mlivyopanga, bila kuonyeshwa uzi unaozifunga. Mtasema Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku tuisheni ya likizo. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote; wazazi wametozwa vya kutosha. Lakini nimeisoma na sijaona pale inapoharamisha mtoto kupanda matatu ya Kitale kwenda Webuye akatazame mlima, wala kumuuliza babu yake maswali.

Jibu lenu la mwisho ndilo zito: kwamba mfumo wa 8-4-4 unakwenda zake, KCSE yake ya mwisho imepangwa 2027, na Gredi ya 10 inaleta mtaala wa umilisi. Huenda. Lakini huko somo la historia ni la kuchagua ndani ya sayansi za jamii, mkondo uliotengewa takriban asilimia 25 ya wanafunzi huku STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) ikitarajiwa kubeba 60. Mtoto wa Kimilili atakayekwenda kusomea uhandisi ataondoka akijua mkondo wa umeme na asijue kwa nini babu zake walipigwa risasi. Na yule wa asilimia 25, tusipojihadhari, atapewa kilekile kitabu cha sababu sita kikiwa na jalada jipya.

Ombi langu ni dogo, na lingefaa lijibiwe kabla shule hazijafungwa. Mwanafunzi akiulizwa katika Karatasi ya Pili kuhusu waliopigwa risasi Februari 1948, naye akaanzia Malakisi ndipo afike Accra, mwongozo wa kusahihisha unasema apewe alama ngapi? Ikiwa ni sufuri, tujulisheni mapema, ili shule za Malakisi ziweke tangazo mlangoni.

Wenu mtiifu,
Msomaji wa Karatasi zote mbili.