Ombi la Kigoda: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Spika

Mheshimiwa Spika,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUUNDIWA BARAZA LA JUU, NA LA MWOMBAJI KUPEWA KIGODA NDANI YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mkulima wa maharage hapa Sumbawanga, mji ambao mtu wa Dar es Salaam akiusikia huulizia radi kwanza, bei ya mahindi baadaye. Radi tunazo, Mheshimiwa, ila barua hii nimeituma kwa posta.

Nimekuwa nikifuatilia wenzetu wanavyohangaika na mabaraza yao ya juu, yale ya watu ambao hawakupigiwa kura: wayafute au wayarekebishe? Waingereza wamehangaika zaidi ya miaka mia. Mwaka 1911 walilipunguzia meno Baraza la Malodi. Mwaka 1999 wakawatoa mabwana wa kurithi zaidi ya 600 na kuwabakiza 92 kwa muda tu, na huo muda tu ukapita robo karne. Wakenya walikuwa na Seneti mwaka 1963, wakaivunja mwishoni mwa 1966 kwa ustadi ambao sijauona kwingine: maseneta 41 walichongewa majimbo 41 mapya, Bunge likatoka majimbo 117 likawa na 158, na hakuna aliyerudishwa kijijini kulima. Katiba ya 2010 ikairudisha Seneti yenyewe. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako wavuvi wetu wa Kirando na Kasanga wanawasikia Wakongo kwenye redio kuliko wanavyotusikia sisi, katiba ya 2006 inamfanya rais mstaafu aliyechaguliwa kuwa seneta wa maisha. Maisha hayo yana mipaka yake: Mei 2025 Seneti hiyohiyo ilimvua kinga mmoja wao, Joseph Kabila. Na ukivuka mpaka wa Kasesya kuingia Zambia, unakuta Baraza la Machifu. Wanakaa, wanashauri, hawatungi sheria.

Nikasikitika kwamba sisi hatuna. Huzuni hiyo ilidumu mpaka mwezi wa sita.

Baridi ya huku ilikuwa imeshika, tuko uani kwangu tunapura maharage. Kazi yenyewe unaijua, au umeisahau: mashina makavu yanamwagwa juu ya turubai, watu wanne wanazunguka na fimbo, vumbi linaingia puani, na kila baada ya muda mtu anainama kuokota punje zilizorukia nje. Kijana mmoja alikuwa ameegemeza simu yake kwenye debe, anatusikilizisha Bunge. Akasimama mbunge mmoja, akachangia kwa Kiswahili cha kupendeza, akaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Mzee mwenzangu akatua fimbo.

"Huyu wa wapi?"

"Hana wapi, babu. Ameteuliwa."

Mzee akanyamaza kidogo. "Sasa siku tukimkasirikia, tunamwendea wapi?"

Hakuna aliyejibu. Tukaendelea kupura.

Usiku ule nikaichukua Katiba, kwa sababu mwalimu hata akistaafu hapendi swali lilale bila jibu. Nikasoma Ibara ya 66. Wako wabunge wa majimbo, hao tunawajua, wengine mpaka namba zao za simu walizozibadilisha baada ya uchaguzi. Wako wa viti maalum. Wako watano kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Yuko Mwanasheria Mkuu. Wako wasiozidi kumi wa kuteuliwa na Rais. Na kiti chako wewe, Mheshimiwa, Katiba inaruhusu kikaliwe na mtu ambaye si mbunge kabisa. Nikafunga kitabu nikiwa nimefarijika. Baraza la juu tunalo! Kumbe tumelimwaga ndani ya lile la chini, kama maharage ya aina mbili yaliyopurwa juu ya turubai moja, na sasa hakuna mwenye subira ya kuyachambua.

Sisemi wateule ni watu wabaya. Mwaka 2015 Rais Magufuli alimhitaji Dkt. Philip Mpango wa hesabu na Balozi Augustine Mahiga wa mambo ya nje, na kwa kuwa Katiba inataka waziri awe mbunge, ikabidi wawe wabunge kwanza ndipo wawe mawaziri. Mahiga aliijua dunia kuliko sisi tunavyolijua Ziwa Rukwa. Mwaka huohuo Dkt. Tulia Ackson aliingia kwa uteuzi, akawa Naibu Spika. 2020 akaenda Mbeya Mjini kuomba kura. Mlango wa nyuma umekuwepo kwa sababu wa mbele ulipimwa vibaya: ukimlazimisha waziri awe mbunge, lazima utafute pa kumpitishia yule ambaye hana jimbo.

Jambo hili liliwahi kuonwa na watu wazima. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyotolewa Desemba 2013, ilitaka mawaziri wasiwe wabunge, na Bunge la Muungano liwe la watu 75 tu, wateule wakiwa watano wa kuwakilisha watu wenye ulemavu. Kisha rasimu hiyo inayopunguza wateule ikapelekwa Bunge Maalum, ambako wabunge na wawakilishi walikuwa wameongezewa wateule 201. Posho ilikuwa shilingi 300,000 kwa siku, na kazi haijashika kasi tukasikia kwamba haitoshi. Sisi wa kijiji tuliofundishwa kutomkabidhi fisi bucha tulielewa mapema. Oktoba 2014 ikatoka Katiba Inayopendekezwa, ikapangiwa kura ya maoni, na kura hiyo bado inapangiwa.

Naomba hapa nimkumbushe Mheshimiwa kwamba uteuzi una historia ndefu kuliko uchaguzi katika nchi hii. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza 1926, wote humo chaguo la Gavana. Mwafrika hakuonekana mpaka 1945, walipoteuliwa machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Mwaka 1957 Gavana Twining alimteua mwalimu mmoja mwembamba kutoka Butiama. Mwalimu akakaa miezi michache, akaona kiti kile ni cha kupigia makofi, akajiuzulu kabla mwaka haujaisha. Mwaka uliofuata akakirudia kwa kura. Nimefundisha historia miaka mingi, na sikumbuki mteule mwingine aliyerudisha kiti kwa sababu hiyo.

Kuna kichekesho kingine katika Katiba ileile, nacho nakipenda kuliko vyote. Mtanzania akitaka kugombea ubunge, lazima adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipigana na sharti hilo maisha yake, akafika mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, na Juni 2013 akashinda. Sharti bado lipo. Lakini wale kumi wa Rais wanaondolewa sifa hiyo moja: mteule anaweza asiwe na chama chochote. Kwa hiyo mgombea binafsi yupo Tanzania, Mheshimiwa. Kilichokatazwa ni wananchi kumchagua.

Sasa nifike kwenye viti maalum, na hapa naongea taratibu kwa sababu mke wangu ananisomea begani.

Huku Ufipa tuna kilimo cha ntumba. Mvua zikielekea mwisho unakata majani, unayafukia ndani ya tuta la mviringo kubwa kama kibanda cha kuku, yaoze humo. Unapanda maharage juu yake. Msimu unaofuata unalivunja tuta, unasambaza ule udongo mweusi shamba zima, unapanda ulezi. Tuta ambalo halivunjwi si ntumba, ni kichuguu. Viti maalum vya wanawake vilikuwa 15 mwaka 1985. Baada ya uchaguzi wa 2020 vilikuwa 113, na wanawake waliochaguliwa majimboni mwaka huo hawakufika 30. Tuta limepanda mpaka tunaliona kutoka milima ya Mbizi, na shamba bado jekundu.

Mtanijibu kwamba bila viti hivyo Bunge lingekuwa kijiwe cha wanaume. Kweli kabisa, na ndiyo maana sitaki vifutwe kesho asubuhi. Tena mfano mzuri uko hapahapa mkoani. Aida Khenani alikaa viti maalum kuanzia 2015, akarudi Nkasi Kaskazini mwaka 2020 kwa tiketi ya Chadema, akaomba kura Namanyere na vijiji vya ziwani, akapewa. Nchi nzima chama chake hakikupata jimbo jingine. Hilo ndilo tuta lililovunjwa likasambazwa. Mwezi Novemba mwaka uleule, wanachama 19 wa chama hichohicho wakaapishwa kwa viti maalum. Chama kikasema hakikuwapeleka, kikawafukuza uanachama ndani ya wiki moja, na wao wakaendelea kukaa mpaka Bunge likamaliza muda wake. Mwanamke mmoja alishikiliwa kitini na watu wa Nkasi. Wale 19 nimejaribu kutafuta walishikiliwa na nani, nimeishia kwenye majalada ya mahakama.

Basi, pendekezo. Tusifute, tusirekebishe. Tutenganishe, kama walivyofanya wazee wetu.

Zamani, wazee wanasimulia, Ufipa ilikuwa na mtawala mmoja, Ntatakwa, aliyekaa Milansi. Siku moja alikwenda kuwinda, akamwonya mkewe: wakija wageni, usiwape kigoda changu. Wakaja wanawake wageni. Mke akaona haya kuwaacha wasimame, akawapa kigoda. Ntatakwa aliporudi na mawindo yake, nchi ilikuwa na mwenyewe mwingine. Ndio ukoo wa Watwa (si wale wa misitu ya Kongo, usichanganye), ambao uzao wao ulikuja kutawala falme mbili, Nkansi na Lyangalile.

Lakini sikiliza walichofanya washindi. Hawakumfukuza mtu wa Milansi, na hawakumkalisha karibu nao wapige kura pamoja. Walimwachia Milansi yake na heshima ya mizimu. Ikasemwa kwamba Milansi ni kichwa, Watwa ni kiuno: huyu wa baraka, yule wa nguvu. Serikali ya uhuru ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, aliyekuwa na kiuno ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Hiyo ndiyo katiba ninayoiomba. Wateule wote, wataalamu, wazee wastaafu, mabingwa wa kuunga mkono, wapewe ukumbi wao, wenye vigoda badala ya viti vya kuzunguka. Washauri. Wabariki bajeti. Wamwite waziri na kumwambia amekosea hesabu. Kura wasiwe nayo, posho wasiwe nayo, ila chai na migebuka ya Kirando. Naahidi kwamba ndani ya miaka miwili tutajua nani alikuwa na ushauri na nani alikuwa na njaa. Na atakayetaka kiuno, afuate barabara, ni lami siku hizi, ashuke Sumbawanga aje aulizwe na yule mzee wa fimbo.

Kwa sababu, Mheshimiwa, jina la mji huu lina maana, huwa tunawaambia wageni: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Watu wanadhani sifa yetu ni uchawi. Sifa yetu ni kutupa. Mbunge wa jimbo, awe mzuri awe mbaya, tunajua pa kumtupia: karatasi moja, kalamu moja, Jumapili au siku yoyote mtakayotupangia. Mteule hatuna pa kumshika ili tumtupe.

Mimi mwenyewe naomba kigoda cha kwanza. Sifa ninazo: Katiba inataka raia aliyetimiza miaka 21 anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na barua hii iwe ushahidi wa Kiswahili. Sina chama, jambo ambalo kwa mteule si kosa. Nina kigoda changu, cha mninga, kwa hiyo hamtaingia gharama ya samani. Nitahitaji taarifa mapema tu, mvua za kwanza zikianza sitoki shambani hata niitwe na nani.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mpura maharage,
Sumbawanga.

Nakala: Mzee wa fimbo, kwa taarifa.

N.B. Mke wangu amemaliza kusoma. Anasema yeye hajampa mgeni yeyote kigoda changu, kipo nyuma ya mlango, kuku ametagia juu yake tangu mwezi uliopita na mimi sijaona. Anauliza pia kwa nini miaka yote hiyo Wafipa wanamlaumu yule mama wa Milansi kwa adabu yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza Ntatakwa alikuwa anawinda nini siku nyingi vile.